Mfungo Ambao Mgeni Hakuuomba

Kwa miaka ishirini na tatu, mgeni yeyote aliyekuja kuhubiri kwa Kiingereza katika kanisa letu karibu na soko la Ndanai alisimama upande mmoja wa mimbari, na upande wa pili akasimama Zacheus Kinuthia. Hakuna aliyemchagua. Mwaka wa kwanza mhubiri mmoja alipokuja bila mtafsiri, watu walitazamana, Kinuthia akainuka kutoka benchi la tatu, akafunga kifungo cha koti, akaenda mbele. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Sisi ni Wakipsigis, Wakikuyu na Wakisii wachache, kwa hivyo Kiswahili ndicho kinachotukusanya, na Kinuthia alijua kukisema mbele za watu. Mgeni akipaza sauti, naye alipaza. Mgeni akinong'ona, naye alinong'ona. Mgeni mmoja alilia, Kinuthia akatoa kitambaa akapangusa macho kabla mgeni mwenyewe hajapangusa yake.

Siku za kazi alikuwa na agroveti pale sokoni, duka la mbegu na dawa za mifugo. Baba yake alihamia upande wa Sotik kutoka Kiambu akiwa kijana, na Kinuthia amezaliwa huku na anaongea Kipsigis bila kutafuta maneno. Lakini kilichompa heshima kilikuwa Kiingereza. Hata mkulima aliyenunua dawa ya kupe kwa duka lingine alimletea chupa amsomee. Kinuthia alivaa miwani, akasoma maandishi yote kwa Kiingereza kwanza, mpaka anwani ya kiwanda, ndipo akaeleza ni vifuniko vingapi kwa ndoo ya maji.

Mke wake, Priscillah, aliacha shule darasa la tano. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa, barua ikija, ya shule au ya hospitali, alimpa mumewe kabla hata ya kufungua bahasha. Mtoto wao wa mwisho alipoenda kuanza kazi Naivasha, nyumba ikabaki kimya, na Priscillah akasema angependa kwenda masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, Jumanne na Alhamisi alasiri katika shule ya msingi. Kinuthia alicheka, akamnunulia kalamu mbili.

"Enda tu, Mama Kimotho," alisema. Kimotho ndiye mtoto wao wa kwanza. "Angalau ujue kuandika jina vizuri."

Haya ya ndani alinisimulia Kinuthia mwenyewe baadaye, siku mbili tatu nilipokaa dukani kwake wakati wa mvua. Alisema hakusikia chochote moyoni miezi ya kwanza. Kisha siku moja alikuwa akitafuta miwani yake chini ya kaunta, mteja akaingia na chupa ya dawa ya ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Priscillah, aliyekuwa amekuja na chakula cha mchana, aliichukua ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Hapa wanasema usiuze hiyo maziwa siku tatu baada ya kudunga."

Ilikuwa sawasawa. Mteja akashukuru, akageuka aende zake. Kinuthia alimwita arudi, akavaa miwani, akasoma chupa nzima kwa sauti, na anwani ya kiwanda.

Kuanzia hapo alianza kuhesabu siku za masomo. Jumanne alikosa raha, Alhamisi zaidi. Mwalimu wa ngumbaru alikuwa Momanyi, Mkisii wa miaka kama thelathini na tano, mrefu, mpole, shati lake daima limepigwa pasi. Priscillah akirudi alisema mwalimu amesema hivi, mwalimu amesema vile. Kinuthia akajiambia kwamba hapo ndipo penye ugonjwa. Alhamisi moja alifunga duka saa tisa, akatembea mpaka shuleni, akasimama nje ya dirisha kama mwizi wa kuku. Aliona wazee kumi na mmoja wamebanwa kwenye madawati ya watoto, na Momanyi amekaa nyuma kabisa akisahihisha madaftari. Mbele ubaoni alikuwa Priscillah, anasoma ukurasa wa Kiingereza polepole, kidole chini ya mstari. Alipomaliza wote wakampigia makofi. Akacheka na kufunika mdomo kwa leso, kama msichana.

"Ningekuta ameshikwa mkono," Kinuthia aliniambia, "ningejua la kufanya. Ningepiga mtu, mambo iishe. Lakini hiyo makofi ningempiga nani?"

Muda mfupi baadaye Momanyi aliwapa kila mmoja neno moja la Kiingereza, neno dogo la kila siku, wakatafute maana zake zote kwa wiki mbili na kuandika. Priscillah alipewa "fast". Jioni hiyo alimuuliza mumewe, kalamu ikiwa tayari.

"Hiyo ni rahisi," Kinuthia alisema. "Ya kwanza ni haraka. Ya pili ni kufunga, kukaa bila kula. Imeisha."

Priscillah aliandika mbili hizo. Lakini hazikuisha. Jecinta, fundi wa nguo aliyeshona sare za kwaya, alimwonyesha maandishi kwenye robota la kitambaa, akamweleza kwamba kitambaa kikiwa "fast" rangi yake haichuji. Mzee Ogada, fundi wa saa, alimwambia saa ikienda mbele ya wakati, hiyo nayo ni "fast". Kisha akaona kuna kulala "fast", yaani usingizi mzito wa fofofo. Na jambo lililomfurahisha kuliko yote alilipata peke yake akikoroga uji. Alikuja mbio mezani, mwiko mkononi.

"Baba Kimotho, ulijua brekifasti ni kuvunja mfungo? Usiku tumefunga, asubuhi tunafungua! Kila siku tunasema na hatusikii."

Kinuthia hakuwa anajua. Amelitaja neno hilo tangu utoto na hata siku moja hakuwahi kulifungua ndani. "Nani hajui hiyo?" alisema, akainama kwenye kikombe chake.

Alhamisi Priscillah akarudi na la mwisho. "Kuna ingine. Ukisema 'hold fast' ni kushika sana, kushika bila kuachilia. Kama mtu amening'inia kwa kamba."

"Hiyo hakuna."

"Iko kwa kamusi."

"Kamusi ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Basi kaa na mwalimu wako," Kinuthia alisema, akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa salama.

Hawakuongea vizuri mpaka Jumapili. Na Jumapili hiyo ndiyo mhubiri kutoka Malawi alikuja.

Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyejua neno la Kiswahili. Mchungaji wetu ana makanisa manne na siku hiyo alikuwa kwingine, kwa hivyo ibada iliongozwa na mzee wa kanisa Gibson Kiptanui, mkulima wa chai ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimia. Vijana, ambao wangesikia wenyewe, wana ibada yao ya asubuhi mapema na walikuwa wameshaenda nyumbani. Mgeni alihubiri vizuri, Kinuthia akamfuata hatua kwa hatua. Mwishoni mgeni alisema anakwenda Sigor na kisha Mulot kwa mikutano, na Jumapili ijayo atarudi kwetu. Akashika kingo za mimbari kwa mikono miwili, akainama mbele yetu, akasema, "Hold fast till I come. Hold fast!"

Kinuthia alifungua mdomo. Aliniambia maneno yalikuja mara moja, hayakuchelewa: shikeni sana. Lakini yalikuja na sauti ya mke wake. Aliangalia benchi la tatu, akaona Priscillah ameinua kichwa na uso umemng'aa kwa sababu amelitambua neno lake, na midomo yake inatangulia kusema. Akaona kwamba akiyasema maneno hayo, yatakuwa ya Priscillah na Momanyi, na yeye ni kipaza sauti tu.

"Fungeni mpaka nitakaporudi!" alisema. "Fungeni!"

Tukasema amina. Mgeni akafurahi kwa amina yetu. Waliojua Kiingereza kidogo kati yetu walisikia "fast", na "fast" ni kufunga, nani angebisha? Kiptanui akasimama akasema tumesikia, wagonjwa na watoto wasifunge, waliobaki kila mtu ajitahidi kwa nguvu zake, na maji tunywe.

Nyumbani Priscillah alipakua mukimo wa viazi na mahindi, sahani mbili.

"Kula, Baba Kimotho."

"Tumeambiwa tufunge."

"Nani ametuambia?"

Priscillah akavuta kiti, akala sahani yake yote bila haraka. "Mimi nilisikia tushike sana," alisema, akainua kijiko. "Nimeshika."

Kinuthia akafunika sahani yake kwa sahani nyingine, akaiacha hapo. Hakuweza kula. Kula kungekuwa kukiri.

Jumatatu alifunga, Jumanne akafunga. Wateja waliingia dukani midomo imekauka, wakamsalimu kwa heshima mara mbili. "Mzee, siku ya pili, Mungu anatupa nguvu." Alijikuta ameinama juu ya gunia la chakula cha ng'ombe akivuta harufu ya pumba na molasi. Jambo moja lilimuuma kuliko njaa: Priscillah hakumwambia mtu. Wanawake walimuuliza kisimani kama naye anafunga, akasema, "Tuko pamoja." Angeweza kumwaibisha kwa sentensi moja, soko zima lingejua kufika jioni, na alinyamaza. Kinuthia akaanza kumwonea wivu hata huko kunyamaza kwake. Yeye asingeweza.

Jumatano Kogo Rachael alianguka. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na sote tulimwita hivyo. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, ana chai yake kidogo na huichuma mwenyewe. Kiptanui alisema wagonjwa wasifunge, lakini Kogo alisema yeye si mgonjwa, ni mzee tu. Alikunywa maji tu tangu Jumapili, akachuma, akabeba kikapu mpaka kituo cha kupimia chai, na alipokuwa kwenye foleni akaenda chini, majani yakamwagika. Onsongo wa bodaboda akamkimbiza zahanati, mwanamke mmoja amemshikilia kwa nyuma.

Kinuthia na Priscillah walienda kumwona jioni hiyo. Alikuwa amewekewa maji ya mshipani, mdogo kitandani, lakini macho makali.

"Pole, Kogo," Kinuthia alisema. "Sasa ule. Mungu ameona."

"Ulisema mpaka arudi," Kogo alimjibu. "Bado siku nne. Nyinyi mnafunga, mimi nikule?"

Daktari alikuwa ameacha uji hapo kando, umepoa. Kogo hakuugusa.

Walipotoka nje Priscillah alisimama kwenye lango. "Utasema wewe, ama nitasema mimi?"

"Nitasema."

Alisema, ila si alichoahidi. Alimpigia Kiptanui simu, akamwambia amezungumza na mgeni huko Sigor, na mgeni ametuma ujumbe kwamba mfungo umetosha, watu wale. Kiptanui akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, na katika nusu saa moshi ulitoka kila jiko. Kogo alikunywa uji wake. Kinuthia naye akala, na chakula kilikuwa kitamu mno.

Priscillah alisikia habari kutoka kwa jirani. Aliingia ndani, akamtazama mumewe aliyekuwa na sahani mapajani. "Kwa hivyo mgeni amekupigia, Kinuthia," alisema. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumwita kwa jina hilo, daima Baba Kimotho. Na mpaka Jumapili hakumwita jina lingine.

Jumapili mgeni akarudi, mnene na mchangamfu vilevile. Kogo Rachael alikaa benchi la mbele amejifunga shuka. Kabla ya mahubiri Kiptanui alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili, "Mgeni wetu, tunakushukuru kwa kutufungulia mfungo Jumatano. Huyu mama tungempoteza. Tafsiri, Mzee Kinuthia."

Mgeni akamgeukia Kinuthia akitabasamu, akingoja.

Kinuthia angeweza kusema lolote. Angesema wanakukaribisha, mgeni angeshukuru, na mambo yangeisha hapo. Mtu mmoja tu kanisani angejua. Alimtafuta benchi la tatu. Priscillah hakuwa akimtazama. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na Kinuthia akaelewa kwamba atamwachia tena. Atadanganya tena na mke wake atameza tena, halafu wataenda nyumbani.

"Mama Kimotho," alisema kwenye kipaza sauti. "Kuja utafsiri hii."

Nilimuuliza baadaye kwa nini. "Nusu yangu ilichoka," alisema. "Nusu nyingine ilitaka akwame. Watu waone hii kazi si mchezo. Sijui nusu gani ilikuwa kubwa."

Priscillah alipanda mbele. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamwambia mgeni kwa Kiingereza cha polepole, kila neno likisimama peke yake, kwamba watu wanamshukuru kwa kuwaambia wale. Mgeni akakunja uso, akauliza kitu. Priscillah akatugeukia.

"Anauliza ni lini tulikuwa hatukuli."

Akamweleza mgeni habari ya mfungo. Mgeni akaweka mkono juu ya kichwa, akasema hapana, hapana, akashika kingo za mimbari kama ile Jumapili, akavuta mpaka mbao zikalia. Sasa hata sisi tulielewa kabla hajatafsiri. Priscillah alisita, akasema, "Anasema hatukuelewana. Hakusema tufunge. Alisema tushike sana imani mpaka arudi."

Alikuwa amemfichia mumewe tena. Nilimwona Kinuthia akitikisa kichwa. Akachukua kipaza sauti.

"Si kutoelewana," alisema. "Mimi nilijua. Huyu mama aliniambia hiyo maneno Alhamisi, kabla mgeni hajakuja. Nilikataa kuisema kwa sababu ni yeye aliniambia. Na mgeni hakunipigia simu. Hiyo nilidanganya."

Kogo Rachael akasema kutoka mbele, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hivyo nilianguka bure?" Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mgeni akauliza amesema nini. Priscillah akamtafsiria yote, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii hakupunguza hata neno moja.

Wazee walimpumzisha Kinuthia kazi ya kutafsiri. Yeye mwenyewe alienda kwa Kogo na unga na sukari, Kogo akapokea, kisha akamwambia kwamba chai yake inakomaa shambani na yeye bado hana miguu. Kwa wiki mbili Kinuthia alifungua duka mchana tu. Asubuhi alichuma chai, Kogo amekaa juu ya kigogo na fimbo. "Majani mawili na ncha yake, Kinuthia! Hiyo umeng'oa ni tawi!" Alipofika kituoni nusu ya kikapu ilirudishwa, Kogo akamcheka mpaka akalazimika kushika mbavu.

Priscillah sasa ndiye anatafsiri. Wakati mwingine anasimama katikati ya sentensi na kufikiri, na wageni wamezoea kumngoja. Watu humpigia makofi. Kinuthia hukaa benchi la tatu, na ukimtazama wakati wa makofi utaona ameangalia dirisha. Mwenyewe haniambii kwamba wivu umekwisha. Amenionyesha mahali unapomkaa, hapa chini ya koo.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano wa wakulima uwanjani, mtaalamu wa ng'ombe kutoka mbali akiongea Kiingereza, Priscillah kando yake. Mtaalamu akataja "dry cow". Priscillah akasema ng'ombe mkavu, akaona watu wanatazamana, akajua haiko sawa. Akakwama. Akamtafuta mumewe kwa macho katikati ya watu. Kinuthia ameuza dawa za ng'ombe wa aina hiyo maisha yake yote. Alimwona anavyomtafuta. Akakunja mikono.

"Nilingoja kidogo," aliniambia. "Si sana."

Kisha akapaza sauti kutoka nyuma: "Ni yule ameachishwa kukamuliwa, Mama Kimotho, akingoja kuzaa."

Priscillah akaitikia kwa kichwa, akawaambia watu, mkutano ukaendelea.